Kanda ya Babu

Katika karakana ile ya makochi redio ilikuwa moja na wenyewe watatu, kwa hiyo walipeana zamu. Asubuhi ilikuwa ya Babu na dansi lake la zamani, ambalo Binti alisema linafaa kulazia kuku. Mchana ulikuwa wa Mama na kwaya zake. Jioni Binti alifungulia midundo mpaka misumari ikatetemeka ndani ya kopo, na Babu akauliza ni mashine gani ya kusaga imepata wazimu. Zamu isiyokuwa yake ikifika, Binti alijichomeka visikilizio masikioni akaendelea kukata sponji. Ndiyo maana hakujua kilichokuwa ndani ya kanda ya Babu.

Mama alikijua. Zamani Babu alirekodi wimbo mmoja wa dansi kwa kusogeza kinasa sauti karibu na redio, hapohapo karakanani, na katikati ya wimbo mkewe akaingia na kuuliza, "We mzee, hilo kochi la watu litaisha lini?" Basi. Marehemu hakuacha sauti nyingine popote. Kila asubuhi wimbo ukifika hapo, Babu alishusha nyundo akajibu, "Kesho, mke wangu," kisha akaendelea na kazi. Mama hakumweleza binti yake. Kusema kweli alikuwa na choyo nayo sauti ile. Aliona ni yao wawili tu, yeye na baba yake.

Kanda ilipoanza kukwama, Binti aliichukua kimyakimya akaipeleka kwa fundi wa redio. Siku ya tatu alirudi na wimbo kwenye flashi, uso unameta.

"Babu, zawadi yako!"

Akavua visikilizio na kukaa kwenye kochi lililovuliwa kitambaa, asikilize na babu yake kwa mara ya kwanza. Wimbo ulitoka safi kabisa. Ulipofika katikati, Babu alishusha nyundo, akafungua mdomo. Tarumbeta ikapita moja kwa moja.

"Umesikia?" Binti alisema. "Nilimwambia fundi atoe makelele yote. Kulikuwa na mtu anabwabwaja hapo kati, katolewa kabisa."

"Na kanda yenyewe?" Mama aliuliza.

"Ilikatikakatika, akaitupa. Ya nini tena?"

Mama alimwinukia, mkono juu.

"Mwache," Babu alisema. "Nani alimwambia? Wewe ulimwambia? Mimi je?" Akamgeukia Binti. "Asante, mjukuu wangu. Inasikika vizuri."

Mchana Mama alimweleza Binti sauti ile ilikuwa ya nani, kwa ukali aliostahili yeye mwenyewe aliyeificha. Binti alikimbia kwa fundi, akapekua jalala lake mpaka kucha zikavunjika, akarudi mikono mitupu. Tangu siku hiyo hakuvaa visikilizio tena, lakini hakukuwa na cha kusikiliza. Babu aliacha kudai zamu yake. Asubuhi zikawa za nyundo tu.

Mwezi ulipokatika, Babu alimwita Mama pale alipokuwa akipaka gundi.

"Mwanangu, hebu niulizie kochi. Kama alivyokuwa akiuliza mama yako."

Mama akasafisha koo, akauliza, neno kwa neno.

"Siyo hivyo," Babu alisema.

Akajaribu tena kwa sauti ya juu kidogo, halafu ya chini. Babu alitikisa kichwa.

"Basi ilikuwaje, Baba? Niambie, nitaiga."

Babu aliubana msumari midomoni, kisha akautoa.

"Sijui tena," alisema.