Shahada ya Begum Mehrunisa

Kwa miaka ishirini na moja Malik Dilawar aliwaambia wageni wake kwamba shahada ya mkewe ilifaa kufungia sambusa. Wageni walicheka sana. Ardhi waliyolima ilikuwa yake, na viti walivyokalia pia. Mkewe, Begum Mehrunisa, alivisikia vicheko hivyo kupitia pazia la upande wa wanawake, akaendelea kunywa chai yake.

Ndipo serikali ikatangaza kwamba mwaka ule hakuna atakayegombea ubunge bila shahada ya chuo kikuu. Malik alikuwa amerithi jimbo kutoka kwa baba yake kama wengine wanavyorithi kabati. Alikuwa na bunduki kumi na nne na mashine tatu za kuchambua pamba, ila cheti hakuwa nacho hata cha darasa la kumi. Si kwamba hakujaribu. Alimlipa mtu amfanyie mtihani, na mtu yule akafeli.

Basi asubuhi moja akaingia chumbani kwa mkewe, mahali asipoonekana kabla ya jua kuzama, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Begum, leo umependeza."

Mehrunisa alijitazama kwenye kioo. Kichwani alikuwa na hina mbichi na mfuko wa nailoni.

"Sema unachotaka, Malik Sahib. Hina inakauka."

"Nimeamua ugombee ubunge."

"Mimi?"

"Jina lako. Mengine niachie mimi. Ile karatasi yako ya chuo iko wapi?"

Mehrunisa aliikumbuka droo ya mumewe. Wiki tatu nzima fomu ya binti yao Sabahat ilikuwa imelala kwenye droo ya Malik. Msichana alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari Lahore, na chuo kilitaka sahihi ya baba. Baba alisema binti wa nyumba yake hatashika miili ya watu asiowajua. Ataolewa na binamu yake majira ya baridi, basi. Jumatano ikipita, nafasi ile angepewa mwingine. Majina ya wagombea yangefungwa Jumamosi.

"Sikumbuki nilipoiweka," alisema. "Si unaijua akili ya mwanamke? Wewe mwenyewe huwaeleza wageni."

"Kumbuka basi."

"Labda fomu ya Sabahat ikitiwa sahihi, kichwa kitafunguka."

Malik alisimama. "Unafanya biashara na mumeo?"

"Nimekaa na mwanasiasa miaka ishirini na moja. Ningekuwa sijajifunza chochote, ungenicheka."

Malik alitoka akibamiza mlango. Karani wake alitumwa chuoni Lahore, akarudi na habari kwamba nakala mpya ya cheti huchukua siku arobaini. Ikabaki kuipekua nyumba. Lakini nani apekue? Wafanyakazi wa kiume hawakuruhusiwa kuyaona hata mapazia ya vyumba vile, na wafanyakazi wa kike walikula kiapo kwamba hawajui kusoma. Akapekua mwenyewe. Alifungua makabati kumi na moja, akanaswa na mitandio ya shifoni, akahesabu jozi za viatu hadi sitini akachoka. Alipomaliza vyumba, alisimama katikati ya ukumbi, jasho linamtoka.

"Jiko liko wapi?" aliuliza.

Dada yake mkubwa Naseem, mjane aliyerudi kuishi hapo, alimtazama kwa huruma. "Dilawar, umezaliwa humu ndani."

Akamwonyesha njia, akamtangulia, na walipofika akajituliza juu ya debe kubwa la unga wa dengu. Malik alichungulia masufuria, akafungua jokofu, akashangaa ukubwa wake. Mwishowe akalitazama debe.

"Dada, inuka kidogo."

"Magoti haya, ndugu yangu. Ukitaka niinuke, nibebe."

Malik alimpima dada yake kwa macho kutoka juu hadi chini, akaona afadhali aondoke.

Mehrunisa aliingia baadaye akamkuta wifi yake angali pale pale.

"Wifi, inuka, ameshakwenda."

"Nakaa kidogo. Mimi niliozwa nina miaka kumi na minne, nikaja kuliona jina langu limeandikwa siku nilipofiwa, kwenye karatasi za mirathi." Naseem alijikuna goti. "Mwambie Sabahat akishakuwa daktari aanze na magoti haya. Na asinitoze."

Jumanne Malik alitia sahihi, kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Akanyoosha mkono.

"Sasa lete."

"Atakapofika."

Sabahat aliondoka na mjomba wake asubuhi ya Jumatano. Mume na mke wakaketi karibu na simu ya sebuleni, mmoja huku, mwingine kule. Wageni walikuja upande wa wanaume wakaambiwa Malik ana kazi. Chai ilipoa mara mbili. Baada ya swala ya alasiri simu ikalia.

"Mama, nimeandikishwa. Nimepewa kitanda cha dirishani. Tuko wanne, na mmoja ameshaanza kukoroma mchana huu."

Mehrunisa aliweka simu chini, akaenda jikoni, akarudi akipangusa unga kwenye bahasha. Malik aliikodolea macho ile karatasi.

"Daraja la kwanza. La nini?"

"Elimu ya mimea."

"Hata pamba?"

"Hata pamba."

"Basi ule ugonjwa uliokunja majani ya shamba langu lote mwaka juzi..."

"Nilikwambia ung'oe mapema safu zilizougua kwanza. Ulikuwa na wageni."

Malik alikunja bahasha, akaitia mfukoni, na sauti yake ya zamani ikamrudia. "Haya. Uchaguzi ukiisha natuma gari limrudishe. Harusi iko pale pale."

"Bunge ni la miaka mingapi?" aliuliza Mehrunisa.

"Mitano."

"Na udaktari ni mitano. Atakayekula kiapo ni mimi, na atakayetia sahihi kila mahali ni mimi. Siku gari lako litakapokwenda kumchukua Sabahat, barua yangu ya kujiuzulu itakwenda Islamabad. Nina wino wa kutosha."

Malik alihesabu kwenye vidole. Alipofika cha tano alirudia kuanzia gumba, labda mara ya pili vingezidi. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwanasiasa kweli, akawaza mbele.

"Na tukichaguliwa tena?"

"Sabahat anataka kusomea upasuaji," alisema Mehrunisa. "Nimeuliza. Nayo ni mitano."