Mwenye Ufunguo Ametoka

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe nne ya mwezi wa tisa, saa nne na nusu asubuhi. Saa naijua kwa sababu ilikuwa ukutani mbele ya benchi nililokalia, na kwa saa mbili na robo sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Mke wangu alikuwa chumba cha pili, pumu imembana, kifua kinapiga filimbi mpaka mimi niliye nje naisikia. Wengi hupenda kusema hospitali haikuwa na dawa. Mimi sisemi hivyo. Dawa ilikuwepo, ndani ya stoo, hatua saba kutoka pale nilipokaa, nyuma ya mlango wenye kufuli la shaba. Muuguzi alitoka, akautikisa mlango ule, akanigeukia.

"Mzee, subiri kidogo. Mwenye ufunguo ametoka."

Ametoka kwenda wapi? Semina. Nikasubiri. Nilikuwa nimetokea kazini moja kwa moja, mkoba wa kazi nimeuweka sakafuni katikati ya miguu, kofia nimeishika mkononi kama mtu aliye mbele ya hakimu. Saa saba kasoro robo filimbi ikanyamaza. Mwenye ufunguo alirudi saa nane, begi jipya la semina linaning'inia begani.

Tangu siku hiyo sina maneno mazuri kwa wakubwa. Shule nimeishia darasa la nne, lakini hili halihitaji shule: wakubwa na semina ni kama mbwa na viroboto, huwapati mbalimbali. Nimelisema hili kwa majirani, kwa wateja, hata kwa watu waliosimama kujikinga mvua tu. Ndiyo maana mtaani wananiita Komeo. Wanasema mdomo wangu hufunguka kwa kulaumu tu, ukimaliza unajifunga wenyewe.

Jina linafaa pia kwa kazi, maana mimi ni fundi kufuli. Nina meza kwenye kibaraza cha duka la rangi, mashine ya kuchonga funguo, na mkoba wa vifaa kwa wale wanaojifungia nje ya nyumba zao. Miaka thelathini na moja.

Marehemu aliniachia vitu viwili: binti yetu, ambaye anashona nguo za watu pale sebuleni, na paka. Yeye alimwita Pamba kwa weupe wake. Mimi namwita Mkurugenzi. Anakula, analala kwenye kiti kilicho kizuri kuliko vyote, ukimuuliza habari za panya anafumba macho.

Marehemu alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi alimfungia paka chumbani, ndipo anatoka uani kumwaga mtama kwa ndege. Mmoja alikuwa tetere mwenye kidole kilichokatika mguu wa kushoto. Huyo alikula kwenye kiganja chake. Wengine wote walikula chini na kuruka ukikohoa, ila huyo kilema alipanda mkononi kama mwenye nyumba. Baada ya msiba binti yangu aliendelea na mtama. Kwake tetere hakupanda mkononi, lakini alikuja. Kila siku alikuja.

Sasa asubuhi moja, mwaka mmoja na miezi minne baadaye, nilipita uani kutundika shati, nikaingia ndani, nikauacha mlango wa chumba wazi. Fundi kufuli mzima. Nikasikia binti yangu anapiga kelele, "Baba! Baba! Paka!"

Nilipofika, Mkurugenzi amembana tetere chini ya karo la kufulia, manyoya yametapakaa kama mto uliochanika. Binti yangu alimpiga paka na kandambili, akaachia. Kwanza nikalaumu kitasa cha mlango. Halafu nikamlaumu aliyetengeneza kitasa. Binti yangu alikuwa amepiga magoti, amemfunika ndege kwa kitambaa cha bitana, anautazama mguu wa kushoto.

"Ni yule wa mama," akasema.

Tulimtia kwenye boksi la viatu, tukatoboa matundu juu. Bawa moja lilining'inia. Nilitaka kumpa maji kwa kijiko, binti akanishika mkono. "Utamzamisha, baba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Daktari wa mifugo ni mkubwa pia," nikasema.

"Baba, akifa huyu, sitamwaga mtama tena. Nakwambia kweli." Akageuka kwenye cherehani, lakini mguu hakuuweka kwenye pedali.

Nikachukua boksi mkono huu na mkoba mkono huu, maana kutoka pale nilitaka kupitiliza kazini.

Ofisi ya mifugo iko nyuma ya soko, chumba kimoja chenye mizani ya mbuzi na kabati la chuma. Daktari hakuwepo. Alikuwepo msaidizi wake, msichana wa koti jeupe lililopungukiwa kifungo. Alinipa shikamoo, nikaipokea, akavuta fomu.

"Ni kuku, mzee?"

"Tetere."

"Tetere wa nani?"

"Wa Mungu."

"Fomu inataka jina la mwenye mfugo."

"Basi andika Mungu. Anwani unaijua."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini, na hapo nikaona si mtu mbaya. Alifungua boksi taratibu, akamshika ndege kwa namna ya mtu anayejua, vidole viwili shingoni bila kubana, akapuliza manyoya chini ya bawa. Palikuwa na vitundu viwili vidogo, kama vya sindano ya binti yangu.

"Bawa halijavunjika, limeteguka tu," akasema. "Hofu yangu ni hivi vitundu. Meno ya paka yana uchafu mbaya sana kwa ndege. Utamwona mzima leo, kesho jioni amekauka. Akianza dawa leo, ana nafasi."

"Basi mwanzishie."

Alilitazama kabati. "Dawa imo humo, mzee. Ila itabidi usubiri. Mwenye ufunguo ametoka."

Sikumuuliza ametoka kwenda wapi. Aliniambia mwenyewe: daktari yuko semina hadi kesho kutwa, leo kwa haraka aliondoka na ufunguo mfukoni.

Nikasema, "Haya, binti." Nikakaa kwenye benchi. Mkoba nikauweka sakafuni katikati ya miguu. Nikavua kofia, nikaishika. Huko ukutani kulikuwa na saa.

Watu watasema mengi kuhusu hasira. Mimi nimekuwa na hasira muda mrefu, naijua, inanguruma kama mashine yangu ya kuchonga. Pale kwenye benchi haikunguruma. Palikuwa kimya. Nje mtu alikuwa anavuta mkokoteni, gurudumu moja linalia. Boksi liko mapajani, na kupitia matundu nilimwona tetere anahema mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Saa nne na dakika kumi. Saa nne na ishirini. Msaidizi alimpigia daktari mara tatu, simu haipatikani. Kwa pale nilipokaa kufuli la kabati lilinielekea. La shaba, la pini tano. Ninayo kama hayo kumi na mawili mezani kwangu, yamepangwa kama mayai.

Saa nne na nusu nikasimama.

"Binti, kipimo cha dawa unakijua?"

"Nakijua. Kila siku ni mimi ninayetoa, yeye hufungua tu."

"Basi nami leo nifungue tu."

Aliutazama mkoba, akanitazama. "Mzee, ukivunja nitafukuzwa kazi."

"Mwizi ndiye anayevunja. Fundi anafungua na kufunga, na kufuli linabaki na heshima yake."

"Una ufunguo malaya, ule unaofungua kila kufuli?" akauliza, halafu akaona haya kwa neno hilo mbele ya mtu mzima.

"Sina, na umri huo umepita," nikamwambia, akaziba mdomo kwa mkono.

"Daktari akiuliza?"

"Mwambie Komeo alifungua. Siku zote nawalaumu wao. Nao wanilaumu siku moja."

Nikatoa waya mbili nyembamba. Moja inakaza, nyingine inapapasa. Kufuli halitaki nguvu, linataka kusikilizwa. Pini ya kwanza, ya pili, ya tatu ikanisumbua kidogo, ya nne, ya tano. Likaachia. Msaidizi alikuwa bado hajamaliza kuuliza kama aniwashie taa.

"He! Kumbe ni dakika moja tu!" akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Alitoa chupa, akavuta dawa kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akadondosha pembeni mwa mdomo wa ndege. Akanipa na ya siku tano, akanionyesha namna. Nikalifunga kabati. Kwenye daftari aliandika kwamba mteja alisaidia kufungua. Zipu ya mkoba ikanishinda kufunga, ikabidi yeye anisaidie.

Siku tano tulimlaza tetere juu ya kabati la vyombo, Mkurugenzi amefungiwa chumbani na analalamika kama mtu aliyehamishwa kituo. Siku ya kwanza na ya pili tetere alijikunja tu. Ya tatu akadonoa mtama. Ya nne akatuchafulia kitambaa chote cha bitana, binti yangu akafurahi kama aliyepewa zawadi. Siku ya sita asubuhi nilikagua mlango wa chumba mara mbili, tukatoka uani, tukafungua boksi. Alikaa kidogo ukingoni, akageuza shingo, akaruka hadi kwenye kamba ya nguo, akayumba, akapaa hadi kwenye bati la jirani.

Binti yangu alipiga makofi. Tukaingia ndani, akachukua mkasi na kitambaa, akasema, "Haya, nieleze tena ulivyofungua kabati. Ile ya malaya uiache."

Alikuwa hajaniomba nimsimulie kitu siku nyingi, nami nikanogewa. Nikamwonyesha waya zote mbili. Nikamwonyesha kwa vidole, pini hii, pini hii. Nikasema, "Haya makufuli ya shaba ni ndugu mmoja, wakubwa wanayanunua kwa maboksi. La ofisi ya mifugo, la posta, hata lile la stoo ya hospitali, yote nafungua nimefumba macho."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

Nikaanza kuzirudisha waya mkobani, lakini nilikuwa nimechelewa. Binti yangu amekuwa akisikia habari ya mwenye ufunguo, ya semina, ya begi jipya. Ameisikia kutoka kwangu mara mia. Aliniangalia bila ukali wowote, kama anavyoangalia mshono unapokwenda kombo, akitafuta ulipoanzia.

Hizi ni wiki tatu sasa. Tetere anakuja, anakula chini na wenzake. Mtama unamwagwa, paka anafungiwa, mimi naamka, naenda kibarazani, nachonga funguo za watu. Wateja wanaona nimepungua maneno. Binti yangu hajarudia swali lake, wala chakula hajaacha kunipakulia. Aliuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, mkasi bado mkononi:

"Baba, siku ile ya mama, mkoba wako ulikuwa wapi?"