Chuo Kilipokuja Kuposa Likoni

Mwalimu Gershom alikuja kwangu amenuna, akapanda mkekani na viatu vyake. Huko bara sijui hufunzwa nini. Mara mbili alikuwa amewaita wazazi shuleni waje wasaidie watoto kujaza karatasi za kuomba nafasi chuoni, na hakuja hata paka. Sasa Bi Margret, mkuu wa chuo cha ualimu cha huko kwao, angefika mwenyewe Jumamosi kuwasaili wanafunzi na kuzichukua karatasi, kisha arudi na gari la moshi la jioni.

“Bi Dhahabu,” akanambia, “wewe watu wanakusikia. Nipangie siku hiyo.”

Wasinisikie wana nini? Harusi za Likoni nzima mimi ndiye nizipangaye. Nikamwambia aende zake akalale.

Jumamosi alipofika shuleni alijishika kichwa. Masufuria ya pilau yalikuwa yakitokota chini ya dirisha la darasa lake, wavulana nimewavika kanzu, matwari yanalia, na shoga yangu Mastura anapitisha chetezo cha udi juu ya karatasi za maombi, moja baada ya moja.

“Mama, mimi nilisema meza na viti!”

“Na watu wangekuja kula viti?”

Watu walikuwa wamejaa hadi nje.

Lakini wallahi, roho yangu ilikuwa kwa mmoja tu, Mwanarehema, binti wa ndugu yangu Mwidani. Mtoto huyu alitaka ualimu tangu udogoni. Alikuwa akiwapanga kuku wangu uani na kuwafundisha kuhesabu, na jogoo akikaidi anamsimamisha pembeni. Karatasi yake ilikuwa tayari. Ilibaki sahihi ya baba. Nilimsinga kwa manukato mwili mzima, nikamtia hina, nikamfunika leso mpya, nikamketisha mbele.

Mwidani akaja, akala pilau, akaongezwa, akanawa mikono. Kisha akasema, “Mimi sitii sahihi.”

“Umeingiwa na nini?”

“Dada, tangu lini mtu akamshika binti yake mkono akampeleka mlangoni kwa watu, haya mchukueni? Sisi hatutembezi mabinti. Chuo kikimtaka, kije kipose.”

Upuuzi! Lakini wanaume wakaanza kutikisa vichwa kwamba ndivyo, na kila baba mwenye binti akaanza kuivuta karatasi yake kutoka mezani. Gershom akanikodolea macho.

“Ni wewe, mama. Udi, matwari, hina! Unadhani wao waone nini?”

Alisema kweli, na mimi sipendi kuambiwa kweli mbele za watu. Bi Margret alikuwa amekwisha kufika; nikamvuta kando. Alikuwa mama wa makamo, mnene, kavaa kofia ya kizungu yenye maua mekundu. Nikamweleza.

“Nipose?” akauliza.

“Upose.”

“Mimi?”

“Chuo hakina mdomo, mama.”

Akatazama saa yake, akamtazama Mwanarehema, akatoka hadi langoni. Tambuu ya kupelekea posa hatukuwa nayo, basi nikaweka boksi la chaki kwenye sinia, nikalifunika kitambaa, nikambebesha Gershom. Wakapiga hodi. Wakakaribishwa. Wakaketi.

“Mmetumwa na nani?” Mwidani akauliza, uso kama hajawaona tangu azaliwe.

“Na chuo,” Gershom akasema.

“Mtoto wa nani huyo?”

“Wa serikali, mzee.”

“Serikali gani? Hii inayoondoka au hiyo inayokuja na Uhuru?”

“Zote mbili zamtambua,” Bi Margret akadakia.

“Ana wengine?”

“Ana wasichana wengi.”

“Atawafanyia usawa?”

“Wote hula uji mmoja.”

Mwidani akatafakari hilo la uji. “Na kilemba changu?”

Baba hatoi binti bila kuvishwa kilemba na wanaoposa, hilo kila mtu alijua. Gershom alikuwa kichwa wazi. Bi Margret akachomoa pini, akavua ile kofia ya maua, akasimama, akamvisha Mwidani juu ya kofia yake ya vito iliyodariziwa kwa mkono. Hakucheka mtu. Kilemba ni kilemba.

“Nimeridhia,” Mwidani akasema, akatia sahihi, na wale baba wengine wakazirudisha karatasi zao mezani.

Nikakiachia kigelegele. Bi Margret akanizuia kwa mkono.

“Bado. Msichana sijamsikia.”

“Akinyamaza amekubali,” nikamwambia.

“Kwenu. Mimi simchukui mwalimu asiyeweza kusema mbele za watu anachotaka. Mwanarehema, unataka kuja?”

Mwanarehema kimya, kichwa chini, leso hadi machoni. Nilimfunza hivyo mwenyewe: mwari akijibu huitwa mjuvi, na ukoo mzima hutajwa. Bi Margret akamuuliza tena. Leso ikatetemeka, sauti haikutoka. Nikamfinya. Wapi! Nilikuwa nimemfunza vizuri mno, ole wangu. Gershom akasema feri haitamngoja mgeni. Bi Margret akachukua mkoba wake.

Mwidani akainuka, maua yakicheza kichwani. Nikajua sasa atasema twendeni nyumbani. Akaenda akachutama mbele ya binti yake.

“Mama, sema,” akambembeleza. “Wakwe wanaondoka.”

Mwanarehema akaifunua leso kichwani, yote.

“Nataka,” akasema. Halafu akasema kwa sauti ambayo hata wapishi nje waliacha miko yao: “Nataka, baba! Nimetaka miaka yote. Hukuniuliza!”

Mwidani akabaki vile vile amechutama.

“Sikujua kama huulizwa,” akasema polepole.

Tulimsindikiza Bi Margret hadi kivukoni, karatasi zote mkobani, zanukia udi. Mwidani ndiye aliyeubeba mkoba, kofia ya maua kichwani, na ole wake ambaye angecheka. Feri ilipokuwa inatia nanga akamgeukia yule mama, akashusha sauti.

“Mdogo wake yuko darasa la pili,” akasema. “Yeye nianze kumuuliza lini?”

“Leo,” Bi Margret akamjibu.