Ini Lililochukua Namba Kumi na Nne

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mpimaji wa maabara alivaa koti lake jeupe, akapangusa mashine vumbi, akatoa kichwa dirishani kumwita mlinzi. Mlinzi akaacha geti, akaja, akakunja mkono wa shati, akatolewa damu, akarudi getini akisugua kiuno. Siku zilianza hivyo pale kwa miaka tisa mfululizo.

Sababu ni hii. Ini likiumia, vimeng'enya vyake huvuja vikaingia kwenye damu, na kazi ya mashine ni kuvihesabu. Lakini mashine haijui vingi ni vingapi mpaka ionyeshwe kwanza damu ya mtu mwenye afya. Damu ya namna hiyo huletwa kwenye vichupa, na vichupa vilikwisha, na hakuna aliyeagiza vingine. Mkuu wa maabara, mtu asiyependa tatizo limkute kabla ya chai, alitazama huku na huku, akamwona mlinzi amesimama kifua mbele, meno yote mdomoni. "Si huyu hapa?" akasema. Tangu hapo, tarakimu yoyote aliyotoa mlinzi asubuhi iliandikwa juu ya fomu za siku hiyo, mbele ya neno "kawaida". Watu wakamwita Kawaida. Hata mkewe nyumbani alimwita hivyo.

Mwaka wa kwanza kawaida ilikuwa thelathini. Mwaka huu ilikuwa mia mbili na kumi. Mpimaji aliiona ikipanda, akamwambia mkuu, na mkuu akamjibu kwamba siku hizi kila kitu kimepanda.

Jumanne hiyo, mpimaji alipofungua chumba cha kusubiri, ini la mlinzi lilikuwa limekaa kwenye benchi kati ya mama mjamzito na dereva wa lori. Lilikuwa limevimba, rangi ya tofali bichi, limejifunika gazeti kwa sababu ya feni, na juu yake limebandikwa namba kumi na nne. Dereva wa lori alikuwa amelisogelea kidogo ili amalizie habari za mpira.

Mpimaji aliita namba moja moja kama kawaida yake. Ilipofika zamu yake, ini likaingia, likapanda kitini kwa taabu. Mlinzi ni wa umri wa baba yake mpimaji, na ini lake bila shaka ni la umri huohuo.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mwenyewe anajua uko huku?"

"Nimemwacha getini anasinzia. Sikai sana. Nimekuja kusema neno moja tu: mimi si wa kawaida. Mnawapima watu kwa kunitazama mimi, na mimi niko taabani."

Likaeleza. Kiti cha getini kina miguu mitatu tangu mguu wa nne upelekwe kwa seremala, na seremala ameshahama. Mlinzi hukaa amejipinda siku nzima, mgongo unamwuma, basi anameza vidonge vya maumivu sita kwa mkupuo, asubuhi na jioni, kama anatafuna karanga. Vyote vinaishia kwa ini. "Sidai makubwa," likasema. "Nataka kiti."

Ini halikumshangaza mpimaji. Kilichomkata maini ni kaka yake.

Kaka yake, karani wa stoo ya vitabu, alipimwa hapo mwezi uliopita. Alikuwa anajikuna usiku na mchana na macho yamekuwa ya manjano. Alipata mia na tisini, na fomu ikasema yuko chini ya kawaida. Sahihi aliiweka mpimaji mwenyewe, mhuri akagonga mkuu. Kaka mtu akaibandika fomu kwenye friji, na mkewe akimwomba aende kwa daktari, yeye ananyoosha kidole kwenye friji.

Mpimaji akaenda kwa mkuu. Ini likamfuata, likiacha unyevu korido nzima, na nyuma yao mfagiaji akafuata na tambara huku akisonya.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mstaarabu.

"Kwa hiyo unataka tuwaite upya watu wote hao?"

"Ndiyo, bosi. Wamo wagonjwa tuliowaambia wazima."

"Watakaa wapi? Tuna benchi mbili." Akaligeukia ini. "Mzee, wewe shida yako kiti?"

"Kiti tu, mkubwa."

Kikaletwa saa hiyohiyo, cha miguu minne na mto, kikawekwa kando ya mashine. Ini likakaa, likashusha pumzi. Mkuu akaagiza kwamba kuanzia kesho lipimwe lenyewe, mlinzi asisumbuliwe. Mlinzi akabaki na kiti chake cha miguu mitatu na vidonge vyake, ila sasa vikishuka havikumkuta mtu.

Jioni mpimaji alikwenda kwa kaka yake na karatasi aliyoiandika upya kwa mkono.

"Mhuri uko wapi?" kaka akauliza.

"Mhuri anao mkuu. Kaka, mimi ndiye niliyekupima. Nilikosea. Nakuomba, nenda hospitali."

"Mdogo wangu, karatasi isiyo na mhuri ni barua ya mapenzi." Akacheka huku akijikuna tumbo. Mkewe hakucheka. Mpimaji alilia njia nzima kurudi, wala hakujificha, maana alimpenda kaka yake na aliogopa.

Kwa kupumzika, ini la mlinzi likaanza kupona. Alhamisi lilitoa mia na hamsini. Mkuu akashtuka: kawaida ikishuka hivi, nusu ya mji itaamka wagonjwa! Akachukua kalamu nyekundu akaandika juu ya mashine: KAWAIDA NI 210. ISIGUSWE.

Habari za kile kiti zilikuwa zimeshayafikia maini mengine. Ijumaa asubuhi chumba cha kusubiri kilijaa hadi mlangoni, na benchi ya tatu ikaazimwa. Kila ini lilipimwa, likaambiwa ni la kawaida, likagongewa mhuri, likarudi kwa mwenyewe polepole.

Namba ishirini na tisa mpimaji aliijua kabla haijasema. Ilikuwa imebeba fomu ya kwenye friji, pamoja na sumaku yake.

"Usinipime, mdogo wangu," likasema. "Majibu yangu unayajua. Nipe tu pa kukaa."

Mpimaji akainuka, akaliachia kiti chake mwenyewe. Hapo simu ikalia.

"Mdogo wangu!" Alikuwa kaka yake, sauti imejaa furaha. "Leo nimeamka mwepesi! Tangu nizaliwe sijawahi kuwa mwepesi hivi! Hata kujikuna sijikuni. Si nilikwambia lakini? Karatasi haidanganyi!"

"Kaka, njoo huku sasa hivi. Tafadhali."

"Nije kufanya nini? Mhuri ninao." Akakata.

"Usimwambie niko hapa," ini likanong'ona, likasinzia. Mpimaji akabaki amesimama na simu mkononi, akaita namba thelathini bila kuketi, kwa kuwa kiti kilikuwa na mtu.