Vyungu vya Kamba

Mwaka wa tisini na nane ghala bovu la kahawa pale Kasulu liligeuka nyumba ya sanaa, na mimi Esteri, mfinyanzi wa Kitahana, nikageuka msanii mgeni. Msanii! Nilicheka njia nzima juu ya lori kutoka Kibondo. Msimu wa kwanza wa nyumba ile ulikuwa umepangwa ukapangika: kwanza wageni tukae pale tufinyange na kuchora, tukila bure, kisha maonyesho na mazungumzo, na mwishoni ngoma za kina Nduwayezu, Warundi wa hapohapo.

Furaha yangu ilikuwa na mwiba mmoja. Mama mkwe wangu, Uwimana, tangu niolewe hajapika kwenye chungu changu hata kimoja. Hununua kwa wengine, na akinunua hupita nacho mlangoni kwangu makusudi. "Vyako vizuri kwa macho, mama Divine," huniambia. Nikaapa: msimu huu apikie chungu changu, la sivyo naacha udongo nishike jembe.

Stanislaus, mwalimu aliyeisimamia nyumba ile, aliwahi kuona maonyesho Dar es Salaam. Akafunga kamba mbele ya vyungu vyangu na kuandika: USIGUSE. Tukaitazama kamba, tukapeana mikono. Tulijiona tumefika.

Siku ya ufunguzi watu walijaa hadi madirishani. Kina mama wakasoma, wakatazamana, wakarudi nyuma. Jamani, nani katika Buha hii, nchi yetu Waha, atasifu chungu ambacho hajakigonga? Unakigonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hukohoa. Hata soda hazijaisha, uvumi umeshaenea kwamba vyungu vya Esteri vimefungiwa kamba kwa kuwa vyote ni vibovu.

Uwimana naye alikuwepo, kaja na lori la asubuhi, mikono kaikunja. "Kinachofichwa kina lake," akasema, ukumbi mzima ukasikia.

Hasira zikanipanda. Nikachukua kisu changu cha kukatia udongo, nikaikata kamba. Stanislaus akashika kichwa.

"Gongeni!" nikapiga kelele. "Gongeni vyote, mpaka vidole viume!"

Wakagonga. Lo, palikuwa hapatoshi! Vidogo vikalia nge-nge, vikubwa vikaitika chini chini. Nduwayezu na wenzake, waliokuja kusikiliza mazungumzo tu, wakashindwa kujizuia, wakaudaka mdundo kwenye mabenchi. Mgeni rasmi aliyepaswa kuhutubia kuhusu urithi wetu akaweka karatasi chini, akavua koti, akacheza. Nilicheka hadi machozi.

Ndipo Uwimana akasogea, na kelele zikafa. Akakiendea chungu kikubwa kuliko vyote. Akagonga. Akainamisha sikio. Akagonga tena, chini kabisa, kwenye kitako, ambako ufa hupenda kujificha.

Akazungusha kitenge kuwa ngata, akajitwisha chungu, akashika njia ya mlangoni.

"Mama!" Stanislaus akamkimbilia. "Hicho ni cha maonyesho! Kinakaa hapa mpaka msimu uishe!"

"Ego, ndiyo mwalimu, nyie onyesheni tu," akajibu bila kugeuka. "Mimi nakwenda kupika. Mkwe wangu atawafinyangia kingine."

Nikakaa sakafuni palepale, nikalia kwa furaha mbele ya watu wote.