Maji Baridi Kwanza

Shuka la chumba namba tisa lilikuwa na damu na mengineyo. Darla Stidham alilikung'utia kwenye ndoo, akalizamisha kwenye maji baridi. Baridi kwanza. Ukikimbilia ya moto doa linaivia humo humo, halitoki tena. Hilo alifundishwa na Bi Wanda, mkubwa wake, siku ya kwanza ya kazi.

Kengele ya shule ilikuwa imelia saa tisa, wenzake wakaenda mazoezini. Yeye akateremka kilima kuja huku, chumba cha chini cha nyumba ya wazee. Saa ishirini na saba kila wiki. Tangu mgongo wa mama yake ukatae kazi, hapa ndipo ilipotoka hela ya gesi ya kupashia nyumba moto, na gesi yenyewe kila baridi ikizidi hupanda bei.

Bi Wanda aliingia na kikapu kiunoni. "We Darla, shuleni kwenu wamepiga simu. Mshauri wenu, Bi Pruitt."

"Anasemaje?"

"Ati kuna Darla anayejitolea kuliwaza wazee? Nikamwambia, mama, anayejitolea ni Brynn, anakuja Jumamosi moja kwa mwezi kuchezesha bingo, na makucha yake yale marefu ya rangi. Darla wetu ni wa kufua." Akacheka peke yake, kisha akamtazama usoni. "Kwani nimekuharibia, mwanangu?"

"Hapana, Bi Wanda."

Lakini masikio yalikuwa yanamwaka. Akainamia ndoo kama mtu aliyeangusha pete.

Fomu ya kuombea chuo ilikuwa na nafasi kumi za mambo unayoyafanya nje ya masomo. Brynn, wa darasa lake, alimwonyesha yake: mpira, tarumbeta, kambi ya sayansi, kuhudumia wazee. Zote kumi zimejaa. Darla alipotazama zake, zote tupu, ilikuwa kama kufungua kabati la nyumbani kwao mbele ya mgeni. Kwao kazi haikuwa kitu cha kutangaza. Nani anatangaza kwamba anapiga mswaki? Na nani angependa msomi wa chuoni ajue mikono yake hushika nini? Akaandika: kujitolea kuhudumia wazee. Si uongo wote, alijiambia. Usiku wa simu ile alilala vibaya.

Asubuhi Bi Pruitt alimwita ofisini.

"Kaa, mpenzi. Unajua natia saini kwamba yote humu ni kweli?"

"Ndiyo, Bi."

"Na fomu inaondoka leo. Sasa kwa nini usiandike kazi yako?"

"Sikujua inahesabika."

"Jamani, Darla! Si nilieleza kwenye mikutano? Mitatu mizima!"

"Ilikuwa saa tisa na nusu, Bi. Nakuwa kazini."

Bi Pruitt aliipanga upya kalamu iliyokuwa imepangika. Halafu akachangamka. "Haya, hakijaharibika kitu. Tuipambe." Akaandika kwenye kompyuta, akamgeuzia kioo. *Mratibu wa huduma za nguo, kituo cha afya.* "Umeona? Inapendeza. Na hizi saa ishirini na saba, tuseme kumi na tano. Wakiunganisha na alama yako ya chini ya kemia, watasema huyu masomo atayaweza lini?"

Darla alisoma yale maneno, akaona aibu ya pili, nzito kuliko ya jana. Ile ya jana aliitengeneza mwenyewe. Hii alikuwa anapewa na mtu mwema, huku kaziba pua.

"Naomba niandike mimi, Bi."

Alifuta yote, hata ile ya kujitolea. Vidole vilinuka sabuni ya kazini, hata baada ya kuoga. Akaandika taratibu: *Mfuaji, nyumba ya wazee. Nafua mashuka ya wazee sitini na wawili. Damu na kinyesi, maji baridi kwanza.* Saa kwa wiki: ishirini na saba. Cheo cha uongozi: hakuna.

"Kinyesi, Darla?" Bi Pruitt alishika shavu. "Mtu anaweza kuwa anasoma hii huku anakula."

"Ndiyo, Bi. Na yeye atazeeka."

Bi Pruitt alikohoa kidogo. Darla hakujua kama amekasirika au anazuia kicheko, na hakuthubutu kuinua macho aone. Akasukuma fomu mbele mpaka mwisho. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika anataka kuacha nafasi tisa tupu.

Masikio yakimwaka bado, akabonyeza ndiyo.