Masomo Yaliyofunikwa kwa Kwaya

Jumamosi, tarehe 8 Septemba 2007. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, mlima hauonekani, na majani yameloa kana kwamba mvua imenyesha. Nilikata majani ya ng'ombe nikiwa na hasira. Nilisali nikiwa na hasira. Nilimwambia Mungu wazi kwamba sina maneno mazuri ya kumpa leo, achukue hayo niliyo nayo.

Mwezi ujao nafanya Mtihani wa Maarifa, ule unaompa mtu asiyepita sekondari ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne. Nina miaka arobaini na saba. Nilitoka shule darasa la saba, nikaolewa, nikalea, na mwaka jana nikaanza madarasa ya jioni mjini Moshi. Huko nilimkuta Mwalimu Mathew, kijana mpole asiyemcheka mtu mzima akikosea. Notisi zake ni za Kiingereza. Mimi Kiingereza nakisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Yeye alikuwa akisoma sentensi, kisha anaieleza kwa Kiswahili, na hapo ndipo naelewa. Lakini nikifika nyumbani Uru, mikono yangu ina panga, ina ndoo, ina jembe. Daftari nitalishika saa ngapi?

Gladys, jirani yangu, ndiye aliyenishauri ninunue MP3, ile redio ndogo ya kuvaa masikioni ambayo vijana wanatembea nayo. Nikauza maziwa, nikaweka akiba, nikaenda kwa Khamisi mwenye duka la simu karibu na soko.

"Shikamoo mama. Unataka ya kusikiliza kwaya?"

"Marahaba. Nataka ya kusikiliza mwalimu."

Akanitolea moja yenye kioo cha rangi. "Hii ina video. Vijana wanaigombania."

"Nitaangalia video saa ngapi, na mzigo wa majani uko kichwani?"

Akacheka, akairudisha kabatini. "Basi hiyo siyo yako. Nyumbani una umeme?"

"Hatuna."

"Basi achana na zote za kuchaji. Chukua hii ya betri moja nyembamba, utaipata hata duka la kijijini. Haina urembo, lakini ina kinasa sauti. Wengine watakuuzia isiyorekodi na kukuambia inarekodi. Usilipe kabla hujaisikia. Sema kitu."

Sikujua la kusema, nikasali Salamu Maria pale pale mbele ya kaunta. Khamisi ni Mwislamu. Alisubiri mpaka nikamaliza, akabonyeza, na kidude kikaisema sala yote kwa sauti yangu. Nikalipa.

Kesho yake nilirudi kwake nikiwa nimefura, kwamba ameniuzia kitu kibovu, kila kitufe nikibonyeza kimya. Akaigeuza, akasogeza swichi ndogo ya ubavuni, ikawaka. "Mama, umeifunga mwenyewe. Hii ni kufuli. Ikiwa mfukoni ifunge, isijibonyeze. Ukitaka kuitumia, ifungue." Kisha akanionyesha kitu kingine, mstari mdogo chini ya kioo. "Huu ni debe lako. Palipo peusi pamejaa, palipo peupe kuna nafasi. Ukijua kuusoma huu, hakuna wa kukudanganya."

Mwalimu Mathew alikubali nimrekodi, somo kwa somo, mpaka mwisho. Mwezi wa nane akahamia Dodoma kusoma zaidi. Sikulia, kwa sababu sauti yake yote ilikuwa mfukoni mwangu. Nikikata majani, namsikiliza. Nikikamua, namsikiliza. Nilijua mzunguko wa damu vizuri kuliko njia ya kwenda kisimani.

Juzi Alhamisi, nikiwa kihambani, shambani kwetu kwenye migomba, nilivaa hedifoni nikafungua kufuli. Ikaimba kwaya. Nikaruka mbele, kwaya nyingine. Nikaruka tena, kwaya. Nilibonyeza mpaka kidole gumba kikauma. Mwalimu hayumo.

Nilikumbuka kwamba Jumatano mume wangu, Sirili, aliniomba ile MP3 akienda mjini, anitilie betri mpya. Niliacha majani chini nikaenda nyumbani. Alikuwa anakunywa uji.

"Baba Faraja, masomo yangu yako wapi?"

"Umesikia zile nyimbo?" akasema, akitabasamu. "Nimekuwekea za kwaya tupu. Nilijua utafurahi."

"Nimeuliza masomo."

"Ah, hayo. Nafasi haikutosha. Kijana wa kwenye duka la intaneti alisema lazima kitu kitoke ndipo kingine kiingie."

Niliangalia kioo. Peusi palikuwa padogo tu pembeni. Palipobaki pote peupe. Nikaiweka mezani karibu na kikombe chake.

"Soma."

"Nisome nini?"

"Wewe ndiye msomaji wa kanisani. Ulimaliza kidato cha nne, ukawa karani wa chama cha kahawa mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na chama kikafa. Mstari mmoja haukushindi. Soma huo, uniambie kama debe limejaa."

Aliutazama. Nadhani hakuwa anajua kwamba upo. Akasogeza uji pembeni, na tabasamu likaenda na uji.

"Kila siku," akasema polepole. "Ukikata majani, yupo. Ukikamua, yupo. Unacheka peke yako na sauti ya mwanamume sikioni. Mimi nakuita mara tatu, hunisikii."

"Alikuwa anaeleza habari za figo."

"Sijui alikuwa anaeleza nini. Najua alikuwa anakuita kwa jina. Nilimsikia. 'Bernadetha, umeelewa?' Mimi mwenyewe sikuiti hivyo tangu Faraja azaliwe."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini, Mama Faraja? Kwamba naionea wivu betri?"

Pengine mwanamke mwingine angecheka hapo. Mimi nilichukua MP3 yangu mezani. Nilimwambia kwamba angefuta akaacha patupu, ningejua amefuta mtu mwenye wivu, na wivu naujua. Lakini alikwenda akachukua nyimbo za Mungu akazifunika juu ya alichokifanya, ili nikikasirika nionekane nimemkasirikia Mungu. "Umenifanya nizichukie nyimbo ninazozipenda," nilimwambia. "Hilo ndilo siwezi kulimeza." Nikatoka.

Leo asubuhi jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwa Mama Kornelia, mwenyekiti wetu. Nilikwenda peke yangu. Kabla ya sala wanawake walikwisha kusikia, maana kwetu habari haingoji kualikwa.

"Kweli mume kakuwekea kwaya, umenuna?" Gladys akasema. "Wangu ungempa hiyo mashine angetafuta pa kuimiminia pombe yake ya mbege."

Wakacheka. Mama mmoja akasema kwa upole kwamba labda Bwana mwenyewe ameona mitihani inanizidi umri, akanipa nyimbo badala yake. Nilimwangalia sana yule mama. Nilimwambia, "Bwana akitaka kunifutia somo, hahitaji kijana wa intaneti." Hapo kicheko kikaisha.

Tukaanza kusali. Tulipofika kwenye Baba Yetu nilisema vizuri mpaka pale pa kusamehe, nikanyamaza. Sikuweza kutamka kitu ambacho sikifanyi. Walio karibu walinisikia nilivyonyamaza, maana sauti yangu ni kubwa. Mama Kornelia hakugeuka, lakini alimaliza sala taratibu sana.

Ndipo mlango ukatiwa kivuli. Sirili alisimama pale na kofia mkononi. Mkono mwingine ulishika isale, lile jani refu tunalolipanda mipakani mwa vihamba, amelifunga fundo. Kwetu mtu akikuletea isale amekuja kukiri kosa, na anayeletewa hakatai. Ndivyo tulivyolelewa.

Alikuja mpaka nilipokaa, akalinyoosha.

"Bernadetha," akasema.

Nilibaki nimekaa. Nilikasirika upya, kwa sababu jani hilo huota bure mpakani kwetu, na masomo yangu hayaoti popote. Nilifikiri: analifunga fundo kwa dakika moja, na mimi nitaingia kwenye chumba cha mtihani mikono mitupu.

"Pokea, mwanangu," Mama Kornelia akasema. "Halafu useme la moyoni. Kupokea hakukufungi mdomo."

Nikasimama, nikalipokea.

"Nimepokea," nilisema. "Lakini isale haijui Kiingereza. Mwalimu yuko Dodoma. Notisi zake zipo kabatini, na nyumba nzima anayeweza kuzisoma na kuzieleza ni mtu mmoja, ndiye huyu aliyenifutia."

Nikatoa MP3 kwenye kitenge, nikaiweka mezani kati ya msalaba na maua. Nikasogeza kufuli, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Kitaa chekundu kikawaka.

"Baba Faraja, sema."

"Niseme nini? Naomba radhi."

"Radhi umeshaileta na jani. Sema utakachofanya."

"Sogea karibu, shemeji," Gladys akasema, safari hii bila kucheka. "Isije ikadai haikukusikia."

Sirili alikitazama kile kitaa chekundu. Akawatazama watu mmoja mmoja, wanaume waliokuwa karibu na mlango na wanawake mikekani. Akainama mezani kama anavyoinama akisoma somo la kwanza kanisani, akasema kwa sauti ambayo hata aliyekuwa nje jikoni aliisikia:

"Mimi Sirili nilifuta masomo ya mke wangu kwa makusudi, nikadanganya kwamba nafasi haikutosha. Mbele ya jumuiya hii naahidi: kuanzia jioni ya leo nitamsomea Bernadetha notisi zote ndani ya mashine hii, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine mpaka ziishe, na siku ya mtihani majani ya ng'ombe nitakata mimi."